Milango yenye kitasa kwa vishubaka vya Land Rover ya zamani

Land Rover Series II na IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1958 hadi 1971, zina geji zote katikati ya dashibodi. Waingereza walizipanga hivyo ili gari lile lile liweze kuwekewa usukani kulia au kushoto bila kubadilisha dashibodi nzima. Kila upande wa geji kikabaki kishubaka kipana cha bati, kinachoingia ndani vizuri, lakini hakina mlango. Ukiegesha sokoni, kila kilichomo kinaonekana. Madirisha yake ya kusukuma hayamzuii mwenye nia, na kama juu una turubai badala ya paa la bati, ndiyo kabisa.

Huku kwetu Kusini mwa Tanzania kishubaka hicho ndicho ofisi ya mtu. Msimu wa korosho hukaa humo karatasi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, stakabadhi ya ghala, simu ya pili, tochi, miwani, wakati mwingine na posho ya vibarua. Nitaeleza namna ya kuvifungia vishubaka hivyo milango yenye kitasa, na nitashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: usitoboe chuma cha gari hata tundu moja.

Wengi wanajua kwamba bodi ya Land Rover ni aloi ya aluminiamu, basi wanadhani gari zima halili kutu. Ukuta wa mbele, ule unaobeba dashibodi, kioo, pedali na bawaba za milango, ni chuma cha kawaida, na mara nyingi ni miongoni mwa vinavyokufa mapema. Kwa hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi mjini, tundu la skrubu lililokwangua rangi linaanza kutoa machozi ya kahawia kabla mvua za mwaka hazijaisha. Kubadilisha ukuta huo ni kulivua gari karibu lote. Kwa hiyo milango yetu itashikwa na fremu ya mbao inayoubana ukingo wa bati mbele na nyuma. Siku ukiichoka, au ukimuuzia mtu anayelitaka gari kama lilivyotoka kiwandani, unafungua nati na hakuna alama inayobaki.

Tuelewane pia kuhusu kitasa. Kitasa cha droo hakimshindi mwizi mwenye mtaimbo na dakika tano za faragha. Kinamshinda mwenye mkono mwepesi anayepita dirishani wakati umeingia dukani kulipa. Kadi halisi ya gari iache nyumbani, ndani ya gari weka nakala.

Anza na maji, kutu na umeme

Kabla hujapima chochote, hakikisha kishubaka hakiingii maji. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya kuingiza hewa. Mpira wake ukikauka, mvua hupita hapo na kuteremkia ndani. Njia ya pili ya maji ni mpira ulio kati ya fremu ya kioo na ukuta wa mbele. Funga vifuniko, mwambie mtu akae ndani na tochi, wewe mimina maji nje kwa kata, taratibu, upande mmoja kwanza halafu wa pili. Kukivuja, badilisha mpira kwanza. Mlango mzuri juu ya kishubaka kinachovuja unageuka kifuniko cha kuivundikia karatasi zako.

Safisha bati la ndani. Gari lililowahi kubeba mifuko ya salfa ya mikorosho lina unga wa manjano kila kona, na unga huo ukikutana na unyevu huchafua shaba na ncha za waya. Ufagie kwa brashi kavu na uvae barakoa, kisha ndipo ufute kwa kitambaa chenye maji. Penye kutu sugua kwa msasa, paka praima ya zinki, halafu rangi. Lakini bisibisi ikipenya kwenye bati, kazi hiyo imeshamhamia fundi wa kuchomelea, na useremala usubiri.

Toa waya wa betri kabla ya kuingiza mkono nyuma ya geji. Magari mengi ya kabla ya 1967 hivi yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea leo. Kwa hiyo usifuate rangi wala alama: toa ule waya unaokwenda kwenye bodi. Na ukifungua skrubu yoyote ya dashibodi, itunze. Bolti na skrubu za magari haya nyingi ni za vipimo vya inchi, na ukilazimisha ya milimita utaharibu njia ya nati.

Kigezo cha katoni

Usipime kwa futi kamba ukampelekea seremala namba. Gari la miaka hamsini na zaidi limeshagongwa, limeshanyooshwa, na kishubaka cha kulia si pacha wa kushoto. Kona zake zina mviringo, na upande mmoja unaweza kuwa juu kuliko mwingine bila macho kuona.

Chukua katoni ngumu, ibandike kwa utepe wa gundi wa karatasi juu ya uwazi, kisha sugua kidole kuzunguka ukingo wote hadi alama ijichore. Kata taratibu, jaribu, punguza. Kigezo kikikaa vizuri, andika juu yake “kulia” au “kushoto”, mshale wa kuonyesha juu, na upande upi ni wa mbele. Seremala akikigeuza bila kujua, unapata mlango mzuri wa gari la mtu mwingine.

Halafu tengeneza mlango wa katoni, ushike kwa utepe huo huo mahali bawaba itakapokuwa, na ufungue ufunge ukiwa umekaa kwenye kiti. Zungusha usukani. Ingiza gia zote, pamoja na wenzo wa fowili. Sogeza mikono ya kufungulia hewa chini ya kioo. Upande wa abiria, angalia kishikio chake kama kitazuia mlango kushuka. Kosa litakaloonekana hapa linagharimu katoni tu.

Fremu ndiyo kazi yenyewe

Tumia mninga. Haupindi wala kuvimba ovyo mvua za Desemba hadi Aprili zinapokuja, na seremala yeyote wa Mtwara au Nachingwea anaujua. Kuna watakaokushauri mpingo kwa sababu ni wa kwetu na una heshima yake. Mpingo unazama majini kwa uzito, unakula meno ya msumeno, na kuupasua vipande virefu vilivyonyooka ni kuuharibu mti unaofaa kwa mchongaji. Uache.

Pasua vipande vya unene wa milimita 20 na upana wa milimita 35, uviunge kona kwa gundi isiyoogopa maji ili viwe fremu inayozunguka kigezo chako. Upana huo unagawanyika. Milimita 15 za nje zinalala juu ya ukingo wa bati, mbele. Milimita 20 za ndani zinaingia kwenye uwazi, na hapo ndipo unachonga ngazi ya kina cha milimita 12 ambayo mlango utaikalia. Kwa hiyo mbao iliyobaki chini ya ngazi ni milimita 8. Usipunguze zaidi, maana hapo ndipo bolti zitakapopita.

Sasa tengeneza vibao vya nyuma, unene wa milimita 15, vipana vya kutosha kuushika ukingo wa bati kwa ndani na bado kufika chini ya ile ngazi. Kimoja juu, viwili vya ubavuni. Chini inategemea gari lako: kama bati lina mdomo uliosimama mbele, weka kibao nyuma ya mdomo huo kikikalia sakafu ya kishubaka, kama hauna mdomo, acha mguu wa fremu ukae juu ya sakafu na utegemee kubana kwa juu na ubavuni.

Bolti ni za chuma cha pua, kipenyo cha milimita 5 na urefu wa milimita 35 au 40, zenye kichwa cha kuzama. Zinapita kwenye ngazi ya fremu, zinapita hewani ndani kidogo ya ukingo wa bati, zinaingia kwenye kibao cha nyuma, na zinafungwa kwa nati zenye plastiki ndani. Ukikaza, fremu na kibao vinalibana bati katikati. Angalia uzuri wake: mlango ukifungwa, vichwa vya bolti vinafichwa nyuma yake, na nati ziko ndani. Asiye na ufunguo hana cha kufungua.

Kati ya mbao na bati weka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki, mbele na nyuma. Unazuia mlio, unazuia rangi isichubuke, na unaifanya fremu ikae sawa hata bati likiwa na mawimbi. Usiweke sponji ya godoro. Inanyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma, na hiyo ndiyo kutu tuliyokuwa tunaikimbia.

Bolti nne juu, nne chini (kama kuna kibao), mbili kila ubavu zinatosha kwa kishubaka kimoja. Kaza kidogo kidogo kwa kupishana, usimalize upande mmoja kabla ya mwingine.

Mlango na bawaba

Mlango uwe wa plaiwudi ya majini ya milimita 12. Ubao mmoja wa mninga unapendeza zaidi siku ya kwanza, lakini kipande kipana cha mbao nzima kikikaa nyuma ya kioo cha gari juani kitapinda tu, uwe umekikausha namna gani. Acha nafasi ya milimita 2 kuzunguka mlango wote kabla ya rangi. Rangi itakula kidogo, unyevu utakula kidogo, na bado utafunguka. Pungufu ya hapo, mwezi wa pili utakuwa unauvuta kwa miguu miwili.

Kuhusu bawaba mafundi hawakubaliani. Bawaba za ubavuni siziungi mkono kabisa: kishubaka ni kipana, mlango mrefu wa ubavuni unaning’inia kwa uzito wake na barabara ya vumbi inaulegeza haraka. Zimebaki njia mbili. Bawaba ikiwa juu, mlango unajifunga wenyewe, na hata ukisahau ufunguo hauwezi kumwangukia mtu. Ubaya wake ni kwamba unahitaji mkono mmoja wa kuushikilia kila unapotafuta kitu. Bawaba ikiwa chini, mlango unashuka na kuwa meza ndogo ya kuandikia risiti au kuwekea kikombe cha chai gari likiwa limesimama. Ubaya wake ni kwamba kitasa kikiachia njiani, unashukia magoti.

Mimi naweka ya chini upande wa abiria na ya juu upande wa dereva. Dereva akishukiwa na ubao magotini katika mteremko wa Newala, mguu wake una kazi nyingine ya kufanya kwenye breki.

Bawaba iwe ile ndefu inayokwenda upana wote wa mlango, ya chuma cha pua. Izamishe bawa moja kwenye ukingo wa mlango na la pili kwenye ukingo wa fremu, ili mlango ukifungwa skrubu zisionekane. Mlango wa kushuka uwekee mkanda wa kuushikilia. Mkanda chakavu wa kiti cha gari, upana wa vidole viwili, ni bora kuliko mnyororo, kwa sababu haupigi kelele. Ukate urefu wa kuufanya mlango usimame juu kidogo ya usawa, vitu visitelezee mapajani. Ncha zake zichome kwa moto zisifumuke, kisha uzifunge kwa skrubu na washa pana.

Jambo la usalama lisipuuzwe. Magari haya hayana puto la hewa na mengi hayana hata mkanda unaofaa. Abiria akirushwa mbele, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mlango wako. Kwa hiyo ukae usawa na fremu, kona zote za nje zizungushwe kwa msasa, na usiweke kirungu cha kuvutia. Fundi mmoja wa vinyago wa Kimakonde alimwambia jirani yangu, “Mwanangu, nikuchongee kichwa cha simba uvutie mlango.” Ni kizuri mno, lakini kiweke kwenye kabati la sebuleni. Kwenye gari, ufunguo wenyewe ukiwa ndani ya kitasa ndio unaovutia mlango, au ukanda mfupi wa ngozi uliobanwa ukingoni.

Kitasa

Nunua kitasa cha ulimi, kile cha droo za ofisi, duka lolote la vifaa linacho. Kwa vipimo vyetu, shina lake liwe na urefu wa milimita 20 hivi: 12 za mlango na 8 za ngazi, ili ulimi uje kukaa nyuma ya fremu. Shina likiwa fupi ulimi utagonga ngazi, likiwa refu mlango utacheza na kupiga kelele njia nzima. Pengo dogo liondoe kwa kubandika kipande cha tyubu mahali ulimi unapolalia.

Kitovu cha tundu kiwe milimita 35 kutoka ukingo ulio kinyume na bawaba, katikati ya upana. Karibu zaidi ya hapo, nati ya kitasa itagonga ngazi. Ulimi uwe na urefu usiopungua milimita 30 kutoka kitovu.

Vitasa vingi vya namna hii vina shina la milimita 19 lililobapwa pande mbili hadi 16, lakini pima cha kwako. Usitoboe 19 moja kwa moja. Toboa kwa biti ya 16, kisha panua kwa tupa pande mbili tu hadi shina liingie kwa kubana. Pande mbili bapa zilizobaki ndizo zinazokizuia kitasa kisizunguke mtu akikilazimisha kwa bisibisi. Fundi mwenye haraka hupitisha tundu la mviringo, na baada ya miezi michache ufunguo unazunguka na kitasa chake chote.

Mwombe muuzaji vitasa viwili vyenye namba moja ya ufunguo. Namba hiyo mara nyingi imepigwa chapa usoni pa kitasa. Iandike mahali, halafu ifute kwa tupa, maana vitasa vya bei rahisi vina aina chache za funguo na namba inamsaidia anayetafuta.

Usitie oili ndani ya kitasa. Oili na vumbi la Tandahimba vinatengeneza uji. Kwaruza ncha ya penseli, unga wake uupulize ndani na uingize ufunguo mara kadhaa.

Rangi na kufunga

Vanishi ya boti, mikono mitatu, msasa laini kati ya mkono na mkono. Usisahau kingo za plaiwudi na ndani ya tundu la kitasa, maana maji huingilia hapo. Anayetaka rangi ya gari apake rangi ya gari.

Funga fremu kwanza, mlango baadaye. Ukizifunga zikiwa pamoja hutaweza kukaza bolti za upande wa bawaba. Rudisha waya wa betri, jaribu taa, honi na waipa. Kisha lipeleke gari kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mwendo wako wa kawaida, ukiwa umeweka spana mbili ndani ya kila kishubaka. Ukirudi kaza bolti tena, mbao na mpira vitakuwa vimelala. Baada ya wiki mbili tatu kaza mara ya mwisho.

Ndani tandika kipande cha mkeka wa ukindu au mpira mwembamba, si zulia. Toboa vitundu vichache ukingoni mwa mlango, upande wa chini, hewa ipite. Gari likishinda juani, kishubaka chenye mlango kinapata joto kuliko kilicho wazi, kwa hiyo betri ya akiba ya simu, kiberiti cha gesi, dawa ya kupuliza mbu na dawa za hospitali visilale humo.

Kishubaka chako kikiwa wazi ubavuni kuelekea nyuma ya geji, kizibe kwa plaiwudi nyembamba iliyoshikwa kwenye kibao cha nyuma. Acha nafasi ya nyaya, na kata kipande hicho kiweze kutolewa, fundi umeme asije akakilaani.

Mwenye gari dogo la michezo la Kiingereza, tuseme Triumph Spitfire Mk3 ya 1967 hadi 1970, yenye geji katikati na vishubaka wazi pande zote mbili, anaweza kufuata njia hii hii ya kubana. Atapunguza unene tu: fremu ya milimita 15, mlango wa 9, shina la kitasa fupi zaidi. Magoti huko yako karibu mno na dashibodi, kwa hiyo bawaba iwe juu pande zote mbili.

Funguo mbili zikae sehemu mbili, moja ikiwa nyumbani. Zikipotea zote, usiupindue mlango kwa mtaimbo. Fungua bamba la geji baada ya kutoa waya wa betri, ondoa kile kipande cha plaiwudi cha ubavuni, ingiza mkono na ulegeze nati ya kitasa kwa spana. Mkono usipofika, mwite fundi funguo atoboe shina la kitasa kwa biti ya milimita 8. Kitasa kitakufa, lakini mlango, fremu na chuma vitabaki vizima, na cha kununua upya ni kitasa kimoja.